Tongo Bila Gofu, Gofu Bila Tongo: Mahame ya Butiama, Bunda na Musoma

Kusini ya mji wa Tanga, katika njia ya kwendea Pangani, kuna mahali paitwapo Tongoni. Pana kuta za msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40, baadhi yake yakiwa na nguzo za mawe. Nyingine bado zimesimama, nyingine zimelala kifudifudi. Mwanzoni mwa mwaka 1499 Vasco da Gama, akirejea kutoka India huku mabaharia wake wengi wamekufa, aliichoma moto karibu na hapo mojawapo ya merikebu zake kwa kukosa watu wa kuiendesha. Jina la Tongoni hufasiriwa kuwa ni penye mahame. Siku hizi mtu wa pwani akisikia tongo hufikiri kwanza uchafu wa macho ya asubuhi, na neno la kale limejibanza ndani ya jina la mji, likitunzwa na mawe kuliko linavyotunzwa na kamusi.

Neno hilo halikuwa la pwani peke yake. Lugha nyingi za Kibantu zinalo, kwa sura ya itongo au inayokaribiana na hiyo, na maana yake haipotei: ni kiwanja cha mji uliohamwa. Msafiri akiivuka nchi nzima kutoka Tongoni hata akafika mashariki ya Ziwa Viktoria, atalikuta neno lake likimngoja Butiama, katika nchi ya Wazanaki. Pale alipozikwa Julius Kambarage Nyerere tarehe 23 Oktoba 1999 panaitwa Mwitongo. Kwa Kizanaki jina hilo ni mahame. Mahali palipokuwa na mji wa watu, kisha watu wakaondoka.

Kiswahili ni tajiri wa maneno ya namna hii, na si vibaya kuyapambanua kabla ya kuendelea. Gofu ni la jengo: kuta zisizo na paa, milango isiyo na mbao. Mahame, na ganjo lililo ndugu yake, ni ya watu: yanasema kwamba hapa palikaliwa na sasa hapakaliwi, yawe magofu yapo au hayapo. Tongo ni la upande huu wa pili. Na tofauti hii, ambayo huonekana kama mchezo wa washairi, ndiyo itakayomwongoza mtu katika Mkoa wa Mara, mkoa ambao ndani ya nusu karne umezalisha mahame ya kila aina.

Tongo la kale la Mara halikuwa na gofu. Nyumba ya miti, udongo na nyasi haikukusudiwa kumzidi umri mwenyewe. Mwenye mji alipofariki, au ardhi ilipochoka, au maradhi yalipowaandama ng'ombe, watu walihama. Mvua zikaiyeyusha nyumba na mchwa wakamaliza fito. Kilichobaki ni kaburi, ua wa minyaa ulioendelea kukua bila mtu wa kuukata, na udongo mweusi ulioshiba samadi pale palipokuwa zizi. Mgeni akipita asingeona kitu. Mwenyeji aliona kila kitu: hapa ni kwa fulani, na ardhi hii ina wenyewe. Mji ulikuwa umehama lakini madai yake yamebaki, na mjukuu aliyetaka kurudi alijua pa kurudia.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Mwitongo. Mtemi Nyerere Burito, aliyefariki mwaka 1942, amezikwa hapo, na Mugaya, mama yake Kambarage, aliyefariki mwaka 1997, naye amezikwa hapo. Mwana aliyeondoka mwaka 1934 kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma, alirejea kuishi kijijini alipoacha urais mwaka 1985. Kati ya mawe makubwa ya Mwitongo, ambayo pimbi huota jua juu yake, zipo nyumba mbili za kutazamwa. Moja ni ya zamani, aliyoishi miaka mingi. Ya pili ni kubwa, ilijengwa na Jeshi la Wananchi kwa heshima yake, ikakamilika mwaka 1999, mwaka ule ule aliofariki London tarehe 14 Oktoba. Aliishi ndani yake kwa muda mfupi sana. Hivyo mahame ya kale yakawa mji, na nyumba mpya kuliko zote katika mji huo ikawa nusu ya mahame kabla rangi yake haijapauka. Hata hivyo hakuna anayeiita gofu. Ina mwenyewe, ina historia, ina wageni wanaokwenda kuitazama, na hatua chache kutoka hapo lipo kaburi linaloieleza.

Mtu mwingine angeliishia hapo, kwa kuwa hadithi ya Mwitongo ni nzuri na inajitosheleza. Lakini Mara ina mahame mengine ambayo hayaandikwi sana, na baadhi yake yanamhusu mtu huyu huyu aliyelala Mwitongo.

Mwishoni mwa mwaka 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini si ombi tena bali ni amri, na kwamba kabla ya mwisho wa 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini. Operesheni ya Mara ilifanyika mwaka 1974. Familia zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na zizi lake na ua wake wa minyaa, zilihamishwa zikapangwa katika mistari kando ya barabara, ili ziwe karibu na shule, zahanati na bomba la maji, mahali ambapo vitu hivyo vilikuwapo au viliahidiwa. Palikuwa na waliokwenda kwa hiari. Palikuwa na waliokwenda baada ya nyumba zao kubomolewa. Aliyeweza alibeba bati na mlango, kwa kuwa ndivyo vitu viwili vya nyumba vilivyonunuliwa kwa fedha. Kwa msimu mmoja matongo yalizaliwa kwa wingi ambao nchi ile haikuwahi kuuona, wala hayakuzaliwa kwa kifo cha mwenye mji au kuchoka kwa ardhi. Yalizaliwa kwa waraka. Novemba ya mwaka huo huo chama kilikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma kuhusu elimu, na historia ya vitabuni inaukumbuka mji ule wa mwaka 1974 kwa azimio hilo zaidi kuliko kwa nyumba zilizoezuliwa.

Hapa inafaa msomaji wa pwani asimame kidogo, kwa sababu anao ushairi mwingi juu ya nyumba tupu na ushairi huo unaweza kumpotosha akiwa Mara. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi uliotungwa baada ya kuanguka kwa Pate, umewafundisha watu wa visiwa na mwambao namna ya kuliangalia jumba lililohamwa: kuona ndani yake kwamba dunia haina dawamu na kwamba tajiri na fakiri watalala udongo mmoja. Ni funzo lisilochakaa. Unguja imekuwa na mahali pa kulirudia. Jumba la Maruhubi lililojengwa na Sayyid Barghash liliungua mwaka 1899, na Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 lililokuwa kioo cha Forodhani, liliporomoka upande wake mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati, na roho zikapotea. Lakini jicho la Inkishafi lina hatari yake. Linageuza kila kuanguka kuwa kudura. Anayesimama mbele ya kinu cha pamba kilichokufa akasema tu kwamba dunia ndivyo ilivyo, amewasamehe watu wengi ambao hawakuomba msamaha, na amefunga daftari ambalo bado halijakaguliwa.

Kinu cha pamba, ambacho wakulima wa Kanda ya Ziwa hukiita jineri, ni jengo lisilo na uzuri wowote. Ni banda refu la mabati, ghala moja au mawili, mizani ya kupimia magari, chumba cha injini, nyumba za wafanyakazi. Kazi yake ni kuipokea pamba mbegu kutoka shambani na kuitenga nyuzi na mbegu. Katika kila kilo 3 zinazoingia hutoka takriban kilo 1 ya pamba nyuzi, inayoshindiliwa na kufungwa marobota. Mbegu huenda kukamuliwa mafuta, na mashudu yakabaki kwa mifugo. Marobota ya Mara zama za ukoloni yalipakiwa melini, yakavushwa ziwa hadi Kisumu, na kutoka Kisumu yakaenda kwa gari moshi hadi Mombasa. Huenda mchukuzi wa bandari ya Kilindini alibeba mgongoni jasho la mkulima wa Bunda asijue Bunda iko wapi.

Wilaya ya Bunda ilikuwa nchi ya pamba. Vinu vya Ushashi na Kibara, ambavyo leo hutajwa zaidi katika maombi ya kufufuliwa kuliko katika hesabu za mavuno, ni mabaki ya historia inayoanza na ugomvi wa mizani. Kabla ya vyama vya ushirika mkulima aliuza kwa mnunuzi mwenye leseni, aghalabu Mwasia, na mnunuzi ndiye aliyeshika mizani. Mkulima hakuwa na njia ya kujua kama ratili aliyoambiwa ni ratili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walijikusanya, na jambo mojawapo la kwanza walilofanya ni kuajiri wapimaji wao wenyewe, wakae vituoni na kuhakiki. Kiongozi wao alikuwa Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma wa mwaka 1925. Mwaka 1955 vyama viliungana katika Shirikisho la Victoria, na ilipofika 1959 pamba yote ya jimbo ilikuwa inapita mikononi mwa ushirika. Kisha wakaanza kumiliki vinu. Fedha zake zilitoka katika mikopo iliyolipwa kwa makato: senti kadha wa kadha kwa kila ratili ya pamba, msimu baada ya msimu. Mkulima hakuziona senti hizo zikigeuka bati na injini, lakini ndivyo zilivyogeuka. Kwa hiyo jineri ya ushirika, tofauti na jumba la mfalme, haikujengwa na mkubwa mmoja. Ilijengwa na maelfu ya watu wa vijijini ambao kila mmoja anamiliki kipande chake kidogo kisichoonekana.

Isisemwe kwamba ushirika ulikuwa pepo. Tume iliyoundwa na Rais mwaka 1966 iliuchunguza ikakuta makarani wezi, mahesabu mabovu na viongozi waliojilimbikizia. Mwaka 1968 shirikisho lilivunjwa likaundwa upya kuwa chama kikuu cha Nyanza. Mkulima alikuwa ametoka katika mizani ya Mwasia akaingia katika mizani ya karani wa chama, na mara nyingine hakujua ipi ilikuwa na huruma zaidi. Lakini kinu kilibaki chake, na mwizi wa chama ni mwizi anayeweza kushitakiwa katika mkutano mkuu.

Mwezi Mei 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika kwa amri. Vijiji vilivyokuwa vimepangwa juzi tu sasa vilitakiwa kuwa ndivyo ushirika wenyewe, na kazi ya kununua pamba na kuendesha vinu ikaenda kwa Mamlaka ya Pamba. Mkulima wa Bunda aliyehamishwa kutoka kwenye tongo la baba yake mwaka 1974 alipokonywa na jineri miaka miwili baadaye, na mara zote mbili kwa jina la kuishi pamoja. Baadaye Nyerere mwenyewe alikiri. Katika mahojiano ya mwaka 1984 alitaja mambo mawili ambayo asingeyarudia lau angeanza upya, nayo ni kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Ni wachache miongoni mwa watawala waliosema maneno kama hayo wakiwa bado madarakani, na anastahili sifa kwa hilo. Ila kukiri hakurudishi injini iliyochoka.

Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu vyama kurudi, na katikati ya muongo huo vikarudi, Mara ikawa na chama kikuu chake. Vilirudishiwa majengo na mashine zilizotumika miaka minane na mamlaka isiyozionea uchungu, na pamoja na mashine, madeni. Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa watu binafsi. Mnunuzi mpya alikuja na fedha taslimu mkononi. Chama kilikuja na stakabadhi na ahadi. Hakuna wa kumlaumu mkulima kwa kuchagua taslimu, hasa aliyekwisha kukopwa misimu miwili mfululizo. Wafanyabiashara walijenga vinu vyao, vipya na vingi kupita pamba iliyokuwapo, na vile vya ushirika, visivyoweza tena kukopa benki, vikasimama.

Vilisimama namna gani? Jineri hata ikiwa hai hufanya kazi miezi michache tu ya mwaka. Pamba ikiisha mashine huzimwa, vibarua huenda mashambani, milango hufungwa, na panya hutawala hadi msimu ujao. Kwa hiyo kifo cha jineri hakina siku. Hakuna king'ora kilicholia mara ya mwisho watu wakakisikia kuwa ni cha mwisho. Msimu mmoja milango haikufunguliwa, na watu wakasema labda mwakani. Mlinzi alikuwapo, naye akangojea. Nyasi zilikuwa fupi kama kawaida ya nyasi za kiangazi, kisha zikawa ndefu. Ndiyo sababu mtu akiuliza katika vijiji vya pamba kinu kilikufa lini hupewa miaka mbalimbali, wala si kwamba kumbukumbu za watu ni dhaifu: jambo lenyewe halikutokea siku moja.

Machimbo yana tabia tofauti. Yenyewe hufa kwa kelele na hufufuka. Katika nchi ambayo tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Butiama, dhahabu ya Buhemba ilichimbwa tangu enzi ya Wajerumani hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1970, na wa Kiabakari ulifungwa mwaka 1966, mwaka uliofungwa na wa Geita. Buhemba ikawa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na vijana wa mikoa ya mbali, wa pwani wakiwamo, waliimba alfajiri mahali palipokuwa pakisagwa mawe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mgodi ukarudi chini ya kampuni ya Meremeta, ukachimbwa miaka michache, ukasimama tena katikati ya muongo, na kilichofuata ni maswali Bungeni ambayo hayakupata majibu ya kutosheleza. Wachimbaji wadogo wameingia pale kampuni zilipotoka, na sururu zao zinakwangua mabaki ya watu watatu: Mjerumani, Mwingereza na kampuni. Gofu la mgodi halikai kimya.

Katika mji wa Musoma mahame yamechanganyika na maisha, hata mgeni anaweza kuyapita asiyatambue. Mji huu uliojengwa juu ya rasi iliyoingia ziwani ulikuwa na mtaa wa maduka ya Wahindi, ghorofa moja juu na baraza mbele, kama ilivyo miji yote midogo ya ziwa hili. Sheria ya Kutwaa Majengo ya mwaka 1971 iliyachukua majengo ya kupangisha yenye thamani kubwa na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Wengi wa wenyewe waliondoka nchini. Nyumba hazikubaki tupu. Zilipata wapangaji siku ile ile, na jambo hili linafanya swali la mahame kuwa gumu zaidi, kwa kuwa nyumba yaweza kujaa watu na bado ikawa tongo la mtu aliye Leicester au Toronto.

Gofu kubwa la Musoma ni kiwanda cha nguo, Mutex. Kilikuwa cha Shirika la Taifa la Nguo, TEXCO, na wazo lililokizaa lilikuwa zuri: pamba ya Bunda isivuke tena ziwa kwenda ng'ambo ikarudi ikiwa shuka, bali isokotwe na kufumwa hapa hapa. Kwa wazo hilo jineri na kiwanda vilikuwa ncha mbili za uzi mmoja. Uzi ulikatika pande zote mbili. Ukosefu wa fedha za kigeni wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliacha mitambo bila vipuri. Kisha mlango wa biashara ukafunguliwa, na nguo za nje pamoja na mitumba zikaingia sokoni kwa bei ambayo kiwanda kilichochoka hakikuweza kuifikia. Katika miaka ya 1990, zama za Tume ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, kilisimama na kuuzwa. Kiliwashwa tena chini ya mwenye mali binafsi, kikazima tena. Tangu mwaka 2015 serikali imekuwa ikisema kwamba viwanda vilivyobinafsishwa bila kuendelezwa virejeshwe, na orodha zimesomwa, na kila orodha ikisomwa watu wa Musoma husikiliza kama wanasikiliza majina ya ndugu.

Viwanda vya samaki vilikuja baadaye na vikaondoka upesi. Sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka mno miaka ya 1980, na katika muongo uliofuata majengo yenye vyumba vya barafu yalisimama ufukweni mwa Musoma kumkata minofu apelekwe Ulaya. Wenyeji wakabaki na mapanki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilizuia samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja. Vizuizi viliondolewa na biashara ikarudi, lakini nyavu ziliendelea kuvua wadogo kuliko wanaoweza kuzaa, samaki wakapungua, na viwanda kadhaa vya Musoma vikakosa cha kukata. Hivi ni mahame machanga kuliko yote. Vibarua wake bado ni watu wa makamo. Wanaweza kuonyesha mahali ambapo kila mmoja alisimama na kisu chake.

Ikilinganishwa na Mwitongo, hali ya vinu na viwanda hivi ni kinyume chake kabisa. Pale Butiama kulikuwa na tongo bila gofu: hapakuwa na ukuta, lakini madai yalikuwapo, na mwenye madai akarudi. Bunda na Musoma kuna gofu bila tongo: kuta zipo, bati jingine bado lipo, lakini hakuna anayeweza kwenda pale akasema hapa ni kwetu na akasikilizwa. Aliyekatwa senti zake kwa kila ratili mwaka 1957 amekufa, na mtoto wake hana karatasi. Chama kina karatasi, na pia kina madeni yanayozidi karatasi. Mfanyakazi wa kiwanda aliahidiwa mafao. Mnunuzi alinunua kuta, hakununua ahadi. Kila mmoja ana haki kidogo, na haki hizo zote zikijumlishwa hazitoshi kufungua kufuli moja.

Sheria nayo haisaidii. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ndiyo inayoyalinda magofu ya Tanzania Bara, huhesabu kuwa ni cha kale kilichojengwa kabla ya mwaka 1863. Tongoni imo ndani ya mstari huo kwa karne nne na zaidi. Jineri ya Kibara haimo, na haitaingia hata ikingoja miaka 500, maana mwaka uliotajwa ni mmoja na hausogei kadiri dunia inavyozeeka. Wanaosubiri vinu vya ushirika vizeeke vipate heshima wanasubiri bure. Ipo njia nyingine: Waziri anaweza kulitangaza jengo lolote kuwa ni la kuhifadhiwa, liwe la mwaka wowote. Lakini Waziri hutangaza kile alichoandikiwa. Anayeandika atatakiwa aseme nani alijenga, kwa fedha za nani, na kwa nini pana thamani, na majibu ya maswali hayo hayamo katika kuta za mabati. Yamo katika vitabu vya vyama vya msingi: majalada makubwa yenye majina ya wanachama, uzito wa pamba ya kila mmoja na makato yake, yaliyoandikwa kwa wino na makarani wa miaka ya 1950 na 1960, wema na wezi.

Vitabu vya namna hiyo vilikaa maghalani. Vyama vilipovunjwa mwaka 1976 baadhi vilihamishwa na vingine vikaachwa. Vyama viliporudi, waliovitafuta walitafuta zaidi mizani na magari. Katika maghala ya pamba yaliyosimama mchwa hawachagui. Wamekwisha kula fito za nyumba za 1974, na karatasi ni laini kuliko fito. Popote penye ghala la chama cha msingi ambalo bado lina paa, katika Ushashi, katika Kibara, katika vijiji vya njia ya Mwanza kwenda Musoma, inawezekana kitabu kimoja bado kipo juu ya rafu, mbali kidogo na sakafu.